Mbuzi Wanaolala kwa Ndinda

Alhamisi jioni, Kola

Jua limewaka tangu asubuhi bila wingu hata moja. Mchana upepo wa vumbi ulipita ukaangusha nguo zote nilizokuwa nimeanika. Nimezikung'uta nikazirudisha kambani hivyo hivyo, maana maji ya kufua mara ya pili hatuna.

Leo nilizungumza mbele ya watu.

Wanaonijua wataelewa kwa nini naliandika hilo peke yake. Miaka yote minne ya sekondari nilikuwa najua jibu nikainamia dawati mpaka mwingine alitoe. Tangu tumalize mtihani niko nyumbani na nyanya yangu, Susu, nikingoja kuitwa chuo, na siku nyingine sauti yangu inasikika na kuku tu.

Nianze na mradi, ili nisijichanganye.

Shirika moja la Nairobi liliwapa wanawake wa kikundi chetu mbuzi, kila mmoja majike wawili. Nia ilikuwa wazaliane, watoto wapate maziwa, na shida ikija mama awe na kitu cha kuuza. Sasa shirika linataka kuleta matangi ya maji. Matangi hayatoshi kila nyumba, kwa hivyo wanataka kwanza kujua nani ameinuliwa na wale mbuzi na nani bado yuko chini. Aliye chini ndiye atakayepata tangi. Mimi niliona ni haki kabisa.

Ili wajue, ilibidi mtu apite boma kwa boma akihesabu mbuzi. Mama Kioko, mwenyekiti wa kikundi, ndiye aliyenitaja.

"Mpeni Mwende," alisema. "Huyu haongei. Hawezi kutoa maneno ya boma moja akapeleka lingine."

Watu walicheka. Mimi niliangalia viatu vyangu, lakini ndani nilifurahi.

Madam Wairimu, anayesimamia mradi kwa niaba ya shirika, alinipa simu na kunionyesha namna ya kuitumia. Ni mtu mpole, mwenye haraka kidogo, anayekunywa maji mengi. Simu inauliza jina la mama, watu wa nyumba, na mbuzi waliomo zizini. Unaandika, unatuma, unaenda boma lingine. Aliniambia, "Andika unachoona, Mwende, si unachoambiwa." Nililipenda sana agizo hilo. Niliona hapo mtu hawezi kukosea.

Jumatatu na Jumanne nilitoka mapema, mbuzi wakiwa hawajafunguliwa. Nilijua kazi yenyewe haitapendwa. Kwetu mtu hahesabu mifugo ya mwenzake, tena kwa kidole. Ukimuuliza Susu ana mbuzi wangapi atakwambia wako wa kutosha. Basi nilihesabu kwa macho, kidevu chini, midomo imefungwa. Hata hivyo mama mmoja alikuja kusimama kati yangu na zizi lake, akaniuliza kama siku hizi nimeandikwa polisi.

Kwa Ndinda zizi lilikuwa limejaa mpaka mbuzi wanapandana. Alinikaribisha chai iliyoiva vizuri, nyeupe kwa maziwa, na mtoto wake mdogo alikuwa na alama ya maziwa juu ya mdomo. Niliandika idadi yao nikiwa na furaha ya ajabu. Niliwaza, hivi ndivyo msaada unavyoonekana ukifanya kazi.

Kwa Mama Kioko zizi lilikuwa tupu. Kulikuwa na kuku mmoja ametaga kwenye kona.

"Ni kiangazi, mwiitu," aliniambia, yaani binti, na mimi nikamhurumia, nikaandika sufuri.

Jana jioni, tukichambua maharagwe, nilimsimulia Susu. Nilipofika kwa Ndinda akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Ndinda ako na mbuzi wote hao? Tangu lini?"

"Niliwaona, Susu. Zizi limejaa."

"Uliona wamelala. Ulimuuliza ni wa nani?"

Sikuwa nimemuuliza. Simu haikuwa na swali hilo.

Ndipo akanieleza jambo ambalo nimeishi ndani yake tangu nizaliwe bila kulitazama. Mtu mwenye akili hafugi mbuzi wake wote mahali pamoja. Wengine anawaweka kwa rafiki, wengine kwa ndugu Yatta, ili ugonjwa ukiingia boma moja, au mwizi, au kiangazi, visimmalize kwa siku moja. Aliyewekewa anawachunga na kunywa maziwa yao, na akiwatunza vizuri anaweza kuzawadiwa mtoto wa mbuzi. Mwenye mbuzi hatangazi alikowaweka, na aliyewekewa hatangazi ni wa nani.

Ndinda mwenyewe hana hata ukwato mmoja. Kati ya wale wawili aliopewa na shirika, mmoja alikufa kiangazi cha kwanza. Mtoto alipolazwa hospitalini, akamuuza yule mbuzi wa pili. Mume wake yuko Kinanie kwa vibarua vya ujenzi, na vibarua vikikosekana hata simu hapigi.

"Na wengi wa wale ni wa nani?" niliuliza.

Susu aliangalia moto. "Mama Kioko ako na wakwe."

Hilo lilitosha. Kijana wa Mama Kioko alioa msichana wa Masii, na mbuzi wa ntheo, wale wanaopelekwa kwa kina msichana ndoa itambulike, bado hawajafika. Krismasi wakwe waliuliza. Mama Kioko akawaambia kiangazi kimewamaliza.

"Sasa wakionekana kwake si wataonekana mpaka Masii?" Susu alisema, akaanza kucheka tena.

"Na wewe Susu, wako umewaweka wapi?"

"Chambua maharagwe."

Sikuweza kucheka naye. Nilifungua simu ya Madam nikitafuta namna ya kurudisha nilichotuma, lakini ilinionyesha tu maandishi ya kunishukuru. Akilini nilimwona Ndinda akiteremka mtoni na mitungi yake, anachimba mchanga mpaka maji yatoke, anapanda tena na mtoto mgongoni. Mtu ambaye hana mbuzi hata mmoja atanyimwa tangi kwa sababu ana mbuzi kupita wote, na aliyemnyima ni mimi.

Susu aliona uso wangu. Akaacha kucheka. "Lakini usitaje mbuzi wa mtu mbele ya watu," alisema. "Hata kama ni kwa wema."

Leo mkutano ulikuwa kwenye darasa la chekechea. Tulikaa kwenye viti vya watoto, magoti juu, wanawake wazima wamekunjana kama wanafunzi wanaongoja nje ya ofisi ya mwalimu. Madam Wairimu alibandika karatasi kubwa ukutani, akasoma. Wa kwanza kabisa kati ya walioinuliwa na mbuzi alikuwa Ndinda.

"Hongera sana, mama. Wewe ndiye mfano wetu," alisema. Kisha akaomba baadaye wampige picha akiwa na mbuzi wake, ya kuweka kwenye ripoti.

Watu walipiga makofi yale ya mvua inayoanza halafu ikaghairi. Ndinda alitabasamu akiangalia mikono yake. Kwenye orodha ya wanaostahili tangi, Mama Kioko alikuwa karibu na juu. Alifunga leso yake kiunoni, akaifungua, akaifunga tena.



Nilingoja mtu mzima aseme. Nilitazama uso baada ya uso, na pole pole nikaanza kuelewa ule ukimya. Ndinda akisema, atakuwa amemsaliti aliyemwamini, na maziwa yataondoka. Mama Kioko akisema, Masii watasikia. Waliobaki nao wana mbuzi wao mahali. Kila mtu mle ndani alikuwa anajua, isipokuwa yule mmoja aliyekuwa anaamua.

Nikamhurumia Madam Wairimu pia. Sikutarajia hilo. Alikuwa ameandika ile karatasi kwa kalamu za rangi tofauti.

Alipouliza kama kuna swali, mkono wangu ulipanda. Haukufika juu, uliishia begani, lakini aliuona.

"Ndiyo, Mwende?"

"Hesabu hiyo si sawa, Madam."

Nilisikia kiti kikilia nyuma yangu. Nikaendelea haraka kabla sauti haijaisha. Nilisema nilihesabu mbuzi pale walipolala. Nilisema kwetu mbuzi anaweza kulala kwa mtu na asiwe wake, na mtu anaweza kuwa na mbuzi na zizi lake likawa tupu. Nilisema tukiendelea na hesabu hiyo, tangi litaenda mahali lisipotakiwa.

"Ni nani unayemsema?"

"Siwezi kutaja."

"Ati leo Mwende ako na mdomo," mama mmoja alisema nyuma, na darasa lote likacheka. Masikio yangu yaliwaka moto.

Madam hakucheka. Alikaa juu ya meza ya mwalimu, akafunga kalamu. "Ripoti inatakiwa Jumatatu," alisema. "Mimi pia niko na watu wananiuliza. Waliotoa pesa wanataka kujua zilibadilisha nini. Nitawaambia mbuzi wamelala kwa jirani?" Kisha akawaangalia wote. "Kwa nini hamkuniambia?"

"Hukuuliza, Madam," mama mmoja alijibu.

"Na tungekuambia, si ungesema tumeficha?" mwingine akadakia. "Uende na matangi yako."

"Mlidhani nitaenda?"

"Wale wa mboga walienda."

Nilikuwa mdogo lakini nawakumbuka wale wa mboga. Walileta mbegu, mbegu zikakauka, watu wakawaambia ukweli kwamba zimekauka. Hawakurudi. Tangu siku hiyo mgeni wa mradi akija kwetu anaambiwa kila kitu kiko sawa, kama unavyojibu salamu.

Madam Wairimu alishuka mezani. Halafu akasema jambo ambalo sikudhani mtu wa shirika anaweza kulisema mbele yetu. Alisema hata yeye akirudi ofisini na hesabu mbaya, huogopa wataona ni yeye ameshindwa. Kwa hivyo akiona hesabu nzuri haulizi sana.

Nimelifikiria hilo tangu mchana. Sisi tunawaogopa wao, na wao wana watu wanaowaogopa, na hofu zote hizo zinaishia kwenye kisanduku kimoja kidogo cha simu ambamo mimi niliandika idadi. Kumbe kupima si kazi ya mwenye simu peke yake. Anayepimwa asipoona usalama, utapima alichokuachia uone.

"Basi niulize nini?" Madam aliuliza.

Hapo ndipo darasa lilipoamka.

"Uliza nani alikula nyama Krismasi."

"Huyo ni wewe tu na mume wako."

"Uliza kama watoto wanakunywa chai ya maziwa."

Hilo Madam alianza kuliandika, na mimi nikataka kusema hapana, maana maziwa nayo yanaweza kuwa ya watu. Lakini Ndinda alitangulia. Alizungumza polepole, macho chini.

"Uliza kama naweza kuuza mbuzi leo bila kupigia mtu simu."

Mama Kioko alimtazama kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Bila kupigia mtu?" mama wa nyuma aliuliza. "Na bwana? Hapo hakuna atakayeandikwa, Madam. Sisi sote tutakuwa hatuna mbuzi."

Tulicheka wote, hata Madam. Tulibishana muda mrefu kuhusu mabwana. Mwishowe tukakubaliana swali liwe hivi: kuna mbuzi unaweza kumuuza leo bila kuomba mtu wa boma lingine? Madam alitaka liulizwe kwa maneno hayo hayo kila boma, na liulizwe tena baada ya kiangazi kijacho, ili ijulikane nani amepanda na nani ameshuka. Wanawake nao walitaka kitu chao. Majibu yasisomwe kwa majina mbele ya watu. Mbuzi wasiulizwe wako wapi. Na mtu akisema hali yake ni mbaya, mradi usihame kwa sababu hiyo.

Madam alitoka nje kupiga simu ofisini. Tulimwona kupitia dirishani akitembea huku na huku kwenye vumbi, mkono kiunoni, akieleza. Aliporudi alisema amepewa wiki moja zaidi. Akaibandua ile karatasi ukutani, akaikunja polepole. Picha ya Ndinda haikutajwa tena.

Mama Kioko alinifuata njiani tukirudi.

"Nilikuchagua kwa sababu huongei."

"Ndiyo, mama."

"Ungekuja kwangu kwanza, mwiitu."

Huenda alikuwa sawa. Nimejiuliza kama ningeenda kwake kwanza angefanya nini, na nimegundua sikumpa hata nafasi ya kufanya chochote.

"Hao wakwe wa Masii," alisema, "huwajui midomo." Akakata kona kuelekea kwake bila kuaga.

Jua lilipokuwa linashuka, nikitoa nguo kambani, nilisikia kwato. Mama Kioko alikuwa anapita na mbuzi. Hakutumia kijia cha nyuma ambacho mtu mwenye siri angetumia. Alipita barabara kubwa, mbele ya duka, ambako watu wote wa Kola hukaa jioni kuangalia nani anaenda wapi.

"Mama Kioko, leo ni mnada?" mwenye duka aliita.

"Ni wangu," alisema. "Kwani hujawahi kuona mbuzi?"

"Nilisikia kiangazi kilimaliza wote."

"Ulisikia vizuri. Hawa wamefufuka."

Watu dukani walikufa kwa kicheko, na yeye akaendelea, kichwa juu, akiwapiga mbuzi wake kidogo kidogo kwa fimbo. Kesho Masii watakuwa wamesikia. Alijua hilo kila hatua aliyopiga.

Nilifurahi mpaka wa mwisho alipopita lango letu. Kisha nikamkumbuka Ndinda.

Zizi lake jioni hii limebaki karibu tupu. Hesabu yake itakuwa ya kweli, na pengine atapata tangi, na hatateremka tena mtoni na mtoto mgongoni. Lakini yale maziwa yalikuwa ya kweli pia. Mtoto wake aliyanywa kweli. Nilipoinua mkono wangu nilifikiria tangi tu. Nilidhani ukweli ukishasemwa unaleta tu, hauchukui. Sijui kama wafadhili huandika mahali popote kile ambacho hesabu yao imeondoa.

Kama wale mbuzi wangebaki walikokuwa, nisingeandika haya hapa. Sasa wamepita barabarani mbele ya watu wote, si siri ya mtu tena. Majina nimeyabadilisha hata hivyo, isipokuwa langu.

Susu alikuwa amesimama langoni muda wote, mikono nyuma, midomo imefungwa.

"Si wote waliopita," alisema.

"Umejuaje, Susu? Si wewe huhesabu?"

"Nimeangalia tu."

Anasema kuna jike mmoja, anayenyonyesha, ambaye Mama Kioko amemwacha kwa Ndinda pamoja na mtoto wake. Nilimuuliza kama amemwacha kama zamani, wa kutunzwa, au amempa kabisa. Susu alisema hilo ni la wale wawili, na huenda hata wao hawajalisema.

Kesho naanza upya, na nimeamua kuanzia kwa Ndinda. Nitakaa kwanza. Nitakunywa chai, iwe na maziwa au isiwe nayo. Kisha nitamuuliza kwa maneno yale yale tuliyokubaliana, kama kuna mbuzi anayeweza kumuuza leo bila kuomba mtu wa boma lingine. Akisema ndiyo, nitaandika ndiyo. Akisema hapana, nitaandika hapana. Lakini nadhani atamtazama yule jike kwa muda, halafu aseme hajui.

Simu haina mahali pa kuandika "hajui". Itabidi nimpigie Madam Wairimu nimwombe aongeze, na mimi kupiga simu kwa mtu mkubwa hunitoa jasho.

Nitapiga.